Mama Aliyepima Mageti kwa Watoto Wake

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, anayewasomea ni kitinda mimba wa marehemu, kwani marehemu aliandika kwa mkono wake, nyuma ya kadi ya kliniki, kwamba asome huyo na si mjomba.

Mama yetu, Fundi Cheche, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, binti wa fundi vyuma, akaanza shule Januari 1969, akawa wa kwanza darasa la saba mwaka 1975, kisha akatolewa shuleni ili ada imsomeshe kaka yake, aliyekuwa wa thelathini na moja, na tangu hapo kila mjomba alipokosea hesabu, marehemu alimkumbusha hiyo thelathini na moja, wakacheka wote wawili.

Mwaka 1976 alianza kufagia karakana ya baba yake, akajifunza kuchomelea kwa kutazama tu, na tarehe 2 Juni 1980, babu alipolala kwa maumivu ya mgongo, akamaliza geti la shule peke yake, wenye shule wakaja kumpongeza babu.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984 na dereva wa lori, baba yetu marehemu, mtu mpole ambaye hata koleo hakujua linashikwa wapi, lakini sifa za mageti alipewa yeye, na akimwonyesha mkewe watu walidhani anatania, wengine wakisimama mbele ya mama aliyejifunika ngao ya uso ya kuchomelea na kuuliza, kaka, bosi yuko wapi, naye akaifunua na kuwaambia bosi ameshawasikia, wataje vipimo.

Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1986, 1989 na 1999, na hakuna geti lililotoka karakana kabla mmoja wetu hajapandishwa juu yake, likafunguliwa na kufungwa mara kumi, likilegea linarudi mezani.

Desemba 2023 kifua kilianza kumbana, akiwa kwenye geti lake la mwisho, na pumzi ilipomwishia bawaba ya chini aliichomelea kitinda mimba, naye ana mimba ya miezi minane. Tarehe 16 Januari alilazwa, na kwenye geti la hospitali, kazi yake ya mwaka 1998, aliomba machela isimame, akasikiliza bawaba, akasema haya, twendeni. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Jana kwenye kikao baba mdogo alisema karakana si kazi ya anayenyonyesha, mitambo ihamie kwake. Leo asubuhi kitinda mimba alilikuta lile geti la mwisho la mama halijapimwa, akampakata mwanawe wa miezi minne, akapanda, dada yake akalisukuma mara kumi, halikulegea.

Kwa hiyo karakana itafunguliwa Jumatatu, tarehe 20 Mei, saa mbili asubuhi, chini ya usimamizi wa kitinda mimba, na baba mdogo anakaribishwa kushika upande wa pili wa chuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotupikia siku zote hizi, na mafundi mliozima mashine zenu leo kwa heshima yake.

Mama, bawaba ya chini imeshika. Pumzika kwa amani.