Izidori Ndomba, Askari wa Wanyama wa Mlango wa Ruhuhu

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padre, Bwana Jumbe, wazee wetu shikamooni, nanyi ndugu na majirani mliofika hapa Lituhi kwa miguu na kwa mitumbwi, familia imemtuma Blasius, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, na inawaomba mvumilie hadi mwisho, kwa kuwa liko jambo ambalo halijapata kusemwa hadharani.

Marehemu Izidori Ndomba alizaliwa Kihagara mwaka 1912, mtoto wa pili wa mzee Urbani na mama Walburga, naye tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama, akitumwa kufukuza nyani shambani alirudi akijua yupi ni mkubwa wao na yupi anachechemea, ilhali mahindi yamekwisha liwa, na fimbo alizochapwa kwa kosa hilo hazina idadi. Mwaka 1922 aliingia shule ya misheni, akamaliza darasa la nne mwaka 1926, akiwa na mwandiko mzuri kuliko wenzake wote.

Mwandiko huo ndio uliompatia kazi, maana mwaka 1934 Bwana Nyama, yule Mzungu msimamizi wa wanyama wa pori, alipopita akielekea Liparamba alimchukua kuwa mpagazi, akamkuta jioni moja anaandika daftarini alama za masikio ya tembo mmoja mmoja, na tarehe 1 Aprili 1936 marehemu aliapishwa Songea kuwa askari wa wanyama, akapewa bunduki na kazi ya kulinda watu wasiumizwe na wanyama, na wanyama wasimalizwe na watu. Wazee walimwuliza atasimama upande gani siku pande hizo mbili zitakapogombana, naye akacheka tu, kwa sababu alikuwa kijana.

Tarehe 16 Januari 1937 alifunga ndoa na Ottilia, binti wa Kingerikiti, wakajaliwa watoto wanne, Katarina mwaka 1938, Edmund mwaka 1941, Scolastika mwaka 1944 na Pankras mwaka 1950, na majirani ni mashahidi kwamba baba huyu aliyemjua kila kiboko wa mto kwa kovu lake hakuweza kuwatofautisha mbuzi wake na wa jirani, mkewe akawa ndiye mwenye kuwatambua.

Mwaka 1946 kiboko alianza kupindua mitumbwi mlangoni mwa Ruhuhu, pale mto unapoingia ziwani, watu wakapiga kelele, na marehemu kwa kushikwa na haraka yao akampiga risasi wa kwanza aliyeibuka, nyama ikaliwa kijiji kizima, lakini alipopasuliwa alikutwa na mimba, na wiki iliyofuata mtumbwi mwingine ulipinduliwa, ndipo marehemu alipoapa kwamba hatamwua tena mnyama asiye na kosa. Kwa hiyo fujo ziliporudi Machi 1947 aliomba siku tatu za kukaa ng'ambo ya mto, amtambue mkosaji kwa macho yake, na Bwana Jumbe akapiga mbiu kwamba kwa siku hizo tatu asionekane mtu majini.

Siku ya tatu, Ijumaa tarehe 14 Machi 1947, mtumbwi wa mzee Florian, jirani yetu, ulipinduliwa katikati ya mto, mzee akaokoka, na Katarina aliyekuwemo, binti wa marehemu mwenye miaka minane, akafa. Marehemu alimwona aliyefanya hivyo, dume lenye sikio lililochanika, akaliua kabla jua halijatua, na watu walipomsihi alimalize kundi lote, na risasi anazo, alikataa huku analia. Kijiji kilisema mtoto alikuwa anavuka kwenda shambani kwa kuwa watu wamechoka kusubiri, wakamtupia marehemu msemo wa ngoja ngoja huumiza matumbo, wakamwita shemeji wa viboko, na wako waliohama njia wakimwona. Mkewe alirudi kwao Kingerikiti, akakaa huko miaka miwili, na hata aliporudi mwaka 1949 neno juu ya siku ile halikutajwa nyumbani humo. Iliuma sana, na sisi ndugu zake tulinyamaza tulipopaswa kumtetea.

Aliendelea na kazi yake miaka kumi na mmoja mingine, hadi mvua za mwaka huu zilipomletea kifua, akakohoa damu, akalazwa hospitali ya misheni mwezi wa Juni, na Jumapili tarehe 17 Agosti 1958, alfajiri, akaiaga dunia.

Familia inawashukuru waganga na masista waliomuuguza, majirani waliombeba kwa machela, na askari wenzake waliotoka Songea na Liparamba kuja kumzika.

Mama Ottilia ameomba neno lake liwe la mwisho, naye hawezi kusimama, hivyo linasomwa kama alivyolisema. Anasema Katarina hakuwa anakwenda shambani. Siku mbili za kwanza chakula cha baba yake kilipelekwa kwa kuzungukia kivuko cha juu, mwendo wa nusu siku, siku ya tatu mvua ilinyesha, yeye Ottilia akaona ugali utapoa, akamsihi mzee Florian amvushe mtoto na kikapu. Kikapu kile marehemu alikiokota matetini, akakiosha, akakirudisha nyumbani, akakitundika jikoni mahali pake, akamwomba mzee Florian asiseme, na mzee akafa mwaka 1951 bila kusema. Anasema hakwenda Kingerikiti kwa kumkasirikia mumewe, alikwenda kwa sababu hakuweza kumtazama usoni, na kwamba watu walipomtukana mumewe njiani yeye alikuwa nyuma yake, amejitwika mtungi, akanyamaza. Miaka kumi na mmoja marehemu alibeba lawama ya mkewe juu ya yake mwenyewe, hakumkumbusha hata siku walipogombana. Leo mama Ottilia hawaombi ninyi kitu, anamwomba yeye aliyelala hapa amsamehe, na anasikitika kwamba amechelewa kwa siku moja.

Pumzika, Izidori, mwana wa Urbani, mzigo huo sasa umetuliwa, Mungu akupe amani yake.