Utamgongea Nani Reli

Sogea karibu, Kinyua, na wewe Wacera uzime hiyo simu, kwa maana pumzi aliyonibakishia Mungu ni ya kusema mara moja tu. Karatasi za benki nimeziona hapo juu ya kabati, na najua zinangojwa Jumatatu zikiwa na sahihi yangu, ili kiwanda cha Kavutha, mjane wa Mutinda, kiwe chetu, na barabara hii yote iwe ya jina moja. Sitatia sahihi. Nisikilizeni kwanza, mtanikasirikia mkishanizika.

Nilipofika hapa Machakos na marehemu mama yenu Muringo, tulikuta watu wakisubu vyuma kwenye barabara hii: Mire, wale ndugu wawili wa kina Nzioka, na Mutinda. Waliyeyusha vyuma chakavu vya skrepu, wakamimina gia za posho mili za kusagia mahindi na magurudumu ya mikokoteni. Mutinda ndiye aliyenifundisha neno la kwanza la kazi hii, kwamba chuma kilichoyeyuka huitwa uji. Na uji ukianza kuumimina kwenye kalibu ya mchanga husimami. Ukikupungukia katikati, ule wa kwanza unapoa, na uji uliopoa haushikani na uji moto, unabaki mshono, na penye mshono ndipo chuma hupasukia. Ndiyo maana kila mtu alitundika kipande cha reli mlangoni. Ukipungukiwa unakigonga, na jirani yeyote ambaye tanuru yake inawaka anakuja mbio na upawa wake wa uji. Hakuna kuulizana, maana ukiuliza unapoa.

Mwaka wa tisini na nne Mire alitaka kununua malori, nikachukua kiwanda chake, nikabeba mashine, nikazima tanuru. Baadaye wale ndugu wawili wakagombana juu ya urithi, na mimi, mzee wa kanisa, sikuwapatanisha. Mungu aliniona nikingoja kama kunguru juu ya paa la mchinjaji. Kiwanda chao nacho nikakinunua, nikakizima. Kisha tukanunua kile kikubwa cha Athi River, karibu na viwanda vya EPZ, mkaanza kuvaa tai. Kila nilipozima tanuru ya mtu nilisema fahali wawili hawakai zizi moja, na watu wakaniitikia, wakanipa kiti cha mbele. Sikujua kwamba tanuru si fahali.

Mama yenu alipotutoka, niliapa kulisubia kanisa kengele ya kumkumbuka, na nikataka niimimine hapahapa tulipoanzia. Uji uliisha kengele ikiwa imefika mabegani. Niligonga reli, wanangu, niligonga hadi mkono ukafa ganzi, na nani angekuja? Wa kuja nilikuwa nimewanunua. Akaja Mutinda peke yake, kutoka kule mwisho kabisa wa barabara, Mutinda niliyekuwa nimemnyang'anya wateja wake wenye posho mili mmoja baada ya mwingine. Akaja akikimbia na upawa, mzee mgonjwa wa sukari, na kwa ile haraka uji ukamwagikia mguu. Hata hivyo alimimina uliobaki. Ulikuwa umechelewa. Ule mguu haukupona, na mnajua alivyokwenda. Ile kengele inayolia Jumapili kama sufuria, nanyi mnasema skrepu ilikuwa mbaya, skrepu ilikuwa nzuri. Ule ni mshono.

Wewe, Kinyua, husema Kavutha ana kinyongo. Mwezi uliopita nilijikokota hadi kwake na bei yako mfukoni. Akanipa chai, akaitazama ile bei, akasema, "Baba Kinyua, hii ni pesa nzuri, hata mbuzi wangu angekubali." Tukacheka. Kisha akaniambia polepole, "Lakini ukishaninunua na mimi, utamgongea nani reli?" Ile chai sikuimaliza.

Basi shikeni maneno haya. Athi River ni yenu wawili, nusu kwa nusu, na Wacera asifanywe mgeni kwa sababu ameolewa. Shamba la Yatta lisiuzwe. Kiwanda cha Kavutha msikiguse, si kwa bei, si kwa wakili, wala kwa kuwakataza wenye skrepu wasimuuzie. Ndiyo, hilo nimelisikia, na mtawapigia simu leo kabla ya kula. Na ile reli mliyoipeleka Athi River iwe kengele ya chakula, irudi kwenye mlango huu.

Mliniuliza kwa nini nimekataa hospitali nikataka chumba hiki cha masizi kando ya tanuru yetu ya kwanza, na kwa nini tanuru iwashwe leo na hakuna oda. Mkadhani mzee ametamani kunusa moshi. Leo ni Ijumaa. Ijumaa Kavutha humimina. Sikutaka amimine akiwa peke yake.

Niinueni kidogo... hapo. Mungu wa mama yenu awabariki, mkono wake uwe juu ya watoto wenu, awape mali kama mtaiweza, na asiwanyime jirani... Maji, hapana, baadaye. Wacera, usilie, nyamaza nisikie.

Hiyo ni reli, au ni masikio yangu?

Kinyua... chukua upawa. Usiniulize, mwanangu. Unapoa.