Alama ya Sikio kwenye Vyuma vya Moris

Kaeni chini nyote, na wewe Silasi uliyesimama hapo mlangoni mkono mfukoni, kaa pia, maana mtu anayesimama mlangoni wakati baba yake anasema maneno ya mwisho, huyo ana safari yake kichwani, na mimi leo nataka kuona mikono ya kila mtu. Marieta, rudishia huo mlango wa uani. Boke, mama watoto, sogea unishike mgongo, kikohozi kikija kisinilaze. Padre nimeshaongea naye jana, mambo yangu na Mungu yako kwake. Haya ya leo ni yenu, nayasema mara moja tu, na atakayenikatiza namtoa nje, hata kama nguvu ya kumtoa sina.

Naanza na gari, kwa sababu najua ndiyo iliyowaleta. Msinune. Nimelala hapa wiki ya tatu lakini masikio bado ninayo, nasikia nani anafungua boneti asubuhi. Silasi, mwaka mzima uliopita hukuwahi kushika ndoo ya kuosha ile Moris, lakini tangu nimeanguka unaiosha Jumatatu, unaiosha Alhamisi, tena kwa sabuni yangu ya gwanji, na unapiga mluzi. Mtu anayeosha gari ya baba yake mgonjwa huku anapiga mluzi, mimi nimfikirie nini? Na wewe Marieta umekuja kutoka Butiama kwa mume wako na begi kubwa kuliko la mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Haya, nimeshasema, tuendelee.

Ile gari niliinunua mwaka wa sitini na tatu, Uhuru haujatimiza hata miaka miwili, kwa Mzungu mmoja wa mambo ya pamba aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Niliuza ng'ombe saba mnadani, na ndugu zangu kule Buswahili wakasema Ngolo kichwa kimemruka, ameuza mahari ya watoto wake anunue bati lenye magurudumu. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya watu wanne waliobanana. Mimi nikaikata. Nilikata paa kuanzia nyuma ya dereva kwa msumeno wa chuma, siku nne, Clementi kaka yenu akivuta upande wa pili, nikaweka bodi ya mbao nyuma, springi nikaziongezea majani mawili ya chuma ya Land Rover, viti nikavivika ngozi ya dume langu mwenyewe, halafu nikaipaka yote kwa brashi, ile rangi ya kijani ya boti niliyoipata bandarini Mwigobero. Watu wakacheka. Baadaye haohao waliocheka ndio walikuja kuniomba niwabebee pamba ya Bunda, niwabebee samaki, furu na ningu, wa kupeleka mnadani, niwabebee maharusi wao na maiti zao.

Fundi yeyote sikumwamini, na sijutii hilo. Mwaka wa sitini na sita niliiacha siku mbili tu kwa fundi mmoja hapahapa Nyasho, simtaji, ameshakufa na watoto wake ni majirani zenu. Niliporudi, dainamo haikuwa yangu. Yangu ilikuwa na kovu ubavuni, hiyo ilikuwa laini. Nikamuuliza, akaapa kwa mama yake. Nikarudi nyumbani nimekasirika mpaka chakula kikanishinda, nikawaza: ng'ombe wangu nawajuaje wakichanganyika na mia tano wa watu wengine mtoni? Nawajua kwa sikio. Ukoo wetu tunakata sikio la kushoto, chanjo mbili juu na moja chini, na hakuna mwizi wa Mara nzima asiyejua ni ng'ombe wa nani. Basi Jumapili ile, badala ya kwenda misa, nikapiga jeki, nikaingia chini na msumeno na tupa, na kila chuma nilichokifikia nikakitia alama ya ukoo, chanjo mbili juu na moja chini. Na sikukwaruza tu. Nilikata hasa, kwa kina, ili mwizi asije akaifuta kwa tupa.

Clementi aliniona. Tayari alikuwa mtu mzima, mikono yake ilikuwa inajua chuma kuliko yangu, na alichuchumaa pale pembeni akasema, "Baba, sikio linapona. Chuma hakiponi." Mimi nikamwambia asinifundishe. Tena nikajiuliza moyoni, huyu kwa nini hataki vyuma vyangu viwe na alama? Kuanzia siku ile nikawa namwangalia.

Mnakumbuka Jumamosi zangu. Mlidhani nilikuwaga napenda usafi. Niliosha kwa nje kwa gwanji, bampa nikaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae, halafu natandika gunia naingia chini na kitambaa cha mafuta ya taa, nafuta chuma kimoja kimoja, na kidole changu kinatafuta: mbili juu, moja chini. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nafanya. Nilikuwa nahesabu kama wezi wamepita, na wezi wenyewe niliowafikiria mlikuwa ninyi.

Ukaja mwaka wa sabini na nne, ile operesheni ya kuhamia vijijini. Nikaenda Buswahili wiki mbili kubomoa nyumba ya marehemu bibi yenu na kuhamisha nguzo na mabati kwenye mstari wa kijiji kipya. Gari niliiacha hapa mikononi mwa Clementi, ila plagi zote nne nilizing'oa nikaenda nazo mfukoni, maana katibu Mniko, yule aliyekuwa anaorodhesha mali za watu, alikuwa ameandika kwenye karatasi yake, "gari moja," na ile kalamu yake niliiona imesita hapo. Wiki mbili nililala na plagi chini ya mto. Mali haikuchukuliwa, sawa, lakini hata leo siwezi kuapa kwamba hakuna aliyewaza.

Nilirudi Ijumaa, Jumamosi nikaosha. Na Jumamosi hiyo, Marieta, ndiyo siku wazee wa upande wa mume wako walikuja kumalizia mazungumzo yako, wamekaa uani pale, wazee sita, na mimi niko chini ya gari naharakisha niwahi kuwasalimia vizuri. Nikafika mbele kulia, kwenye ule mkono wa usukani, kile chuma kinacholishika gurudumu na kuligeuza. Kidole kikapita. Kikarudi. Hakuna alama. Chuma kizima, safi, cha mtu mwingine kabisa.

Nilitoka na matope yangu hivyohivyo, nikamwita Clementi mbele ya wakwe. Nikamwambia rudisha chuma changu. Akasema, "Baba, kile kilikuwa kibovu, nimeweka kizima." Nikamuuliza ubovu ulikuwa wapi. Akawatazama wale wazee, akanitazama mimi, akainama. Nikasema, mnaona? Ameinama! Mwizi ndivyo anavyokuwaga! Nikamwambia umekiuza Bunda, umekula hela yake. Na mimi kwa hasira nikayatoa yale maneno ambayo nyote mliyasikia, na majirani waliyasikia: toka, usikanyage tena ua wangu, na siku nikifa usishike udongo wa kaburi langu. Mtoto wa kwanza, ambaye kwetu ndiye anayetupa udongo wa kwanza kabla mtu mwingine hajagusa jembe! Nilimnyang'anya hilo, mbele za watu, kwa ajili ya kipande cha chuma.

Akaenda Manyamanyama, kule Bunda, akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, anatengeneza mashine, na miaka mitatu hajakanyaga hapa. Na Jumatatu yake, wanangu, sikieni vizuri, Jumatatu yake mimi niliwapakia wale wazee sita nyuma nikawarudisha Butiama, mteremko wote ule, mawe yote yale, na njia nzima nilikuwa namtukana Clementi.

Sasa hili hamlijui. Mwezi wa tatu mwaka huu, kabla sijaanguka, nilikuwa naosha. Nikakwangua tope kwenye springi za nyuma, nikaona ufa. Ufa umeanzia wapi? Kwenye alama yangu. Nikasema ni bahati mbaya. Nikaenda kwenye kishikio cha dainamo, ufa, umeanzia kwenye alama yangu. Nikaenda mbele kushoto, kwenye mkono wa usukani wa upande ule mwingine, ambao bado ni wangu, nikafuta kwa mafuta ya taa, nikaona uzi mwembamba wa kutu umetoka kwenye chanjo ya chini na umeshafika nusu ya chuma. Nikalala pale chini, siwezi kutoka. Maji ya kuoshea yakakauka juu ya bati na mimi bado niko chini.

Boke alikuwa anachambua dagaa. Nikamuuliza, "Kile chuma alichokitoa Clementi, alikipeleka wapi?" Mama yenu aliingia ndani, akasogeza mtungi, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Kimekatika vipande viwili, na kimekatikia kwenye alama ya ukoo wangu. Akaniambia, "Alisema nisikuonyeshe mpaka uulize mwenyewe. Alikuta kinashikiliwa na unene wa ukucha, kikamkatikia mkononi alipokitoa, na hakutaka kukuaibisha mbele ya wakwe. Miaka mitatu nimengoja uulize."

Mnadhani nililia hapo? Sikulia. Niwaambie ukweli wa baba yenu mmjue. Nilichukua miwani, siku nne nikakichunguza kile chuma nikitafuta alama ya nyundo, nikidhani mama na mwana wamekaa wakakivunja ili wanidanganye. Hakuna nyundo. Kutu ilikuwa ndani ya ufa, kutu ya miaka. Nilipokubali ndipo nikalia, na hata hivyo tangu mwezi wa tatu mpaka leo sikumwita, kwa sababu nilikuwa naona haya kuliko ninavyoogopa kufa.

Nipeni maji. Kidogo tu... basi, basi.

Nyumba hii ya Nyasho ni ya Boke, na mtu asije na karatasi yoyote, hata karatasi yenye sahihi yangu, maana sijasaini kitu. Ng'ombe watano walioko Buswahili, wawili ni wa Silasi, wawili wa Clementi, na mtamba mwekundu ni wa Marieta, najua hatujazoea kumpa binti ng'ombe, mimi nimeamua. Moris ni ya Clementi. Silasi, usiinamishe kichwa, huo mluzi wako ulikuwa mapema. Na sikilizeni: mtu asiwashe ile gari. Springi za nyuma, mkono wa usukani wa kushoto, kishikio cha dainamo, kila chuma chenye chanjo mbili juu na moja chini king'olewe kwanza. Mimi nimeifanya iwe gari ya kuua watu.

Sasa Silasi, utapanda basi la Bunda, utamtafuta kaka yako, utamwambia hivi: baba alikosa. Rudia nisikie... Hapana! Umeona? Nilijua tu. Umesema "baba anasema kama alikosa." Nani amekwambia uweke "kama"? Nilikosa, ndilo neno. Marieta, rudia wewe, huyu simwamini.

Unasemaje, Silasi? Sema kwa sauti, masikio yanaanza kuziba. Yuko wapi? Nje? Nje ya wapi?

Tangu jana?

Mnanidanganya ninyamaze. Boke, nitazame machoni. Amelala kwa jirani, na tangu asubuhi amekaa barabarani nje ya michongoma... na hakuingia kwa sababu nilisema asikanyage. Na ninyi mliogopa hasira itaniua. Mama yangu wee. Mwanangu yuko hatua ishirini, na mimi nimekaa hapa naongea habari za springi.

Fungueni dirisha. Lote. Na mlango. Niinue, Boke... niinue zaidi. Majirani walisikia siku ile, na leo wasikie.

Clementi! Clementi wa Ngolo! Chuma kilikuwa kibovu! Mimi ndiye niliyekikata! Nilikosa! Maneno yangu niliyatoa kwa kinywa hikihiki... nayarudisha... kanyaga ua wangu, mwanangu, ingia.

Anakuja? Msiseme ndiyo kunifurahisha. Sioni vizuri. Ni yeye kweli? Nipe mkono nishike mwenyewe.

Ndiyo... ndiyo.

Usiseme kitu. Magoti yasikuume, kaa kitandani. Silasi, Marieta, wekeni mikono yenu juu ya mkono wake. Maji... nitieni kinywani niwapulizie, mate hayapo tena ya kuwabariki... Ng'ombe wazae. Nyumba zenu zijae watoto. Mkiulizana jambo, mjibiwe. Mungu wa wazee wetu, na huyu tuliyefundishwa na padre... awatunze.

Clementi. Inama, sauti imeisha. Udongo wa kwanza ni wako. Usimwachie mtu.