Debe la Kokwa Tanuruni

Wapendwa, Bwana asifiwe! Mimi ni mama Kabula, mnayenijua kwa juisi ya embe, na kwa harufu yake pia. Msicheke, nasema kweli.

Ndugu zangu, msimu ule kikundi chetu cha akina mama kilikuwa karibu kufa. Juisi tuliiuza stesheni ikaisha yote, lakini kokwa na maganda vilibaki nyuma ya kibanda chetu cha kukamulia, vikaoza, nzi wakajaa mpaka majirani wakashindwa kula. Mwenyekiti wa kijiji akatuambia uchafu ule usipoondoka kabla ya mkutano wa kijiji, kibanda kinafungwa. Mimi ni mjane. Kibanda kile ndicho kinachosomesha wanangu. Niliomba mpaka sauti ikakauka, na niliogopa, sitaficha.

Sasa, mnamfahamu Bi Zuhura, mtani wangu Mzaramo aliyeolewa hapa Kigwa. Kaka yangu Shija alikuwa akipanga magogo ya mwembe ulioanguka, achome mkaa. Zuhura akaja na debe la kokwa zangu zilizokauka juani, akazimwaga katikati ya magogo.

"Mnyamwezi, takataka zako zika mwenyewe!"

Nilitaka kulia. Lakini kwa mtani utakasirika vipi? Shija akacheka, akafunika kwa majani na udongo, akawasha.

Tanuru lilipopoa tukafukua. Ndugu zangu! Kokwa zilikuwa mkaa, nyeusi tii, nyepesi mkononi. Nikaziwasha jikoni, ugali ukaiva. Nilipiga magoti palepale kwenye majivu, nikamlilia Mungu kwa furaha.

Tangu hapo tunaanika kokwa na maganda, tunachoma ndani ya pipa lililofunikwa vizuri hewa isipenye, tunaponda, tunachanganya na uji wa muhogo na kufinyanga matonge. Siku ya mkutano mwenyekiti alikuta nyuma ya kibanda pamefagiliwa. Leo mkewe anapikia mkaa wetu.

Ndugu yangu, kama kuna kitu nyuma ya nyumba yako unachokionea aibu, mwonyeshe Bwana. Mwamini. Hachagui mtu wa kumtuma.

Maana huyo aliyemtuma kwangu ni Mwislamu, yule pale mlangoni, amekuja kunisikiliza na kunicheka. Miaka yote tunachambana tu, sijawahi kumwambia neno hili. Zuhura, ahsante. Uliniokolea nyumba yangu.