Punda wa Kidole Gumba

Bwana asifiwe! Hiyo amina ni ya watu waliokosa chai. Tena! Haya, sasa mlima umeamka.

Ndugu zangu, nilisomea ubunifu wa samani katika masomo ya jioni pale Meru mjini, nikiwa mzee kuliko mwalimu na dawati lake. Nilipohitimu nikarudi hapa Timau, nikaandika "DIZAINA" mlangoni kwa herufi ambazo rubani angesoma.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa kiti cha mzee mmoja, cha kukalia akipokea wakwe. Simtaji, ingawa naona anacheka pale nyuma. Baridi yetu mnaijua, inagandisha hata mawazo. Gundi haikuwa imeshika, na nilijua. Nikapaka vanishi juu ya viungo, kiti kikang'aa kama bibi harusi. Nawaambia, mzee aliketi, akasema, "Karibuni," na kabla hajafika "wageni" alikuwa sakafuni. Hadi Embu mjini walisikia!

Yeye hakuumia. Jina langu ndilo liliumia. "Dizaina, leo umeangusha nani?" Miezi minane hakuna aliyeniagiza hata kigoda. Nikafuta lile neno mlangoni, na sikujua tena mimi ni nani.

Siku moja nilikata vipande vya mti wa grevilea, nikavitoboa, nikavipitisha uzi, vikawa punda aliyesimama juu ya kibao. Chini nikaweka springi ndogo kuukuu ya boda boda. Ukibonyeza kwa kidole gumba, uzi unalegea, punda anaanguka. Ukiachia, anasimama. Sikumpaka chochote. Kila kifundo kilionekana.

Nikampelekea mama anayesimamia chekechea yetu, ambaye hata akiombewa huongea. Akabonyeza.

"Uui! Nimeua punda wa mtu!"

Akaachia. Punda akainuka. Yule mama akampindua, akaufuata uzi kwa kucha kutoka sikioni hadi kwatoni.

"Kumbe ni uzi tu?"

"Ni uzi tu, mama. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nataka uone kinachoshikilia."

"Na kile kiti?"

Nilikuwa sijamwambia mtu. "Gundi ilikuwa mbichi, mama. Nilijua, nikaficha."

Akabonyeza tena. Punda akaanguka, akainuka.

"Basi nitengenezee viti vya watoto. Ishirini. Na nisione vanishi."

Viungo vyake nilivifunga kwa vijiti vya mbao, vichwa vya vijiti vikionekana nje. Siku ya kuvileta, wazazi walivipindua kimoja kimoja, wakagonga kila kiungo. Kisha wakawakalisha watoto wao. Watoto wao, ndugu zangu! Juu ya kazi yangu!

Namshukuru yule mama. Namshukuru mzee wa pale nyuma, ambaye nilipomwendea kuungama aliniambia tu, "Nilijua, kijana. Nilikuwa nakungoja." Mimi, kijana!

Ndugu, kama kuna kiungo kibichi umekipaka vanishi, sema kabla mtu hajaketi.