Sakoshi Kando ya Mlango

Amani ya Bwana iwe nanyi, ndugu zangu wa shirika. Nimesimama hapa kwa neema yake, wala si kwa akili yangu.

Mliijua nyumba yetu ya Kadutu, pale juu ya korongo. Ufa ulipotokea ukutani niliuziba kwa simenti, kama wazee walivyotufundisha. Mvua iliporudi ukafunguka palepale. Nikaziba tena, nikapaka rangi. Kando ya mlango nikaweka sakoshi, begi la kukimbia nalo: hati ya kiwanja, karata zetu za uchaguzi, tochi, dawa za mke wangu. Nawaambia, nililala usingizi wa mtu aliyejiandaa.

Mke wangu, mnajua, hatembei tangu miguu yake ipooze. Jirani yetu, mama muuza makala ya kupikia, aliitazama ile sakoshi akacheka.

"Papa, karatasi ziko tayari kukimbia. Na maman, nani atamubeba?"

Nikamjibu: Mungu.

"Kwa mikono ya nani, hapa mulimani?"

Niliona ananidharau. Mke wangu aligeukia ukuta, upande wa ufa.

Siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mchana tukasikia kitu chini ya sakafu, kama mtu anayeburuta gunia. Ufa ukapanuka mpaka mkono ungeingia. Nikashika sakoshi, nikafika mlangoni, nikageuka. Mke wangu alikuwa akinitazama kutoka kitandani.

Nilirudi, nikajaribu kumwinua, tukaanguka wote wawili. Uzee hauna nguvu, ndugu zangu. Niliomba kwa sauti, na sakafu ikaendelea kuburuta.

Ndipo yule jirani akaingia na wanawe. Waling'oa mlango, wakamlaza mke wangu juu yake, wakamshusha kwenye matope kama tunavyobeba wagonjwa kwa tipoyi kwetu Nyangezi. Tulipofika chini, nyumba ikaondoka na udongo nyuma yetu, polepole, karibu kimya. Sakoshi ilikwenda nayo.

Namshukuru Mungu, na mikono aliyoituma. Asante, mama, asanteni, wanangu. Nanyi mliotupatia chumba, Bwana awakumbuke. Mkirudi nyumbani leo, msianze na sakoshi. Mtafuteni kwanza yule asiyeweza kukimbia, mkubaliane nani atambeba, kabla mlima haujauliza.

Chumba tunachokaa sasa hakina ufa. Hata hivyo, kila mawingu yakifunga juu ya ziwa, mke wangu huniuliza jambo moja tu: kama jirani yuko nyumbani.