Baba Yetu, Mpima Maji wa Handaki

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mnivumilie, sijazoea kusimama mbele za watu, lakini karatasi hii baba aliniachia mimi kitindamimba wake, nami nitaisoma.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1979 akaajiriwa kwenye handaki la reli lililokuwa likichimbwa mlimani, kazi yake ikiwa kupima, kwa ndoo na saa, maji yaliyotoka kwenye tundu refu lililotobolewa mwambani mbele ya wachimbaji ili kujua kama mbele kuna maji, ndiyo maana wenzake wakamwita Kipimo. Tarehe 2 Juni 1984 alifunga ndoa na mama, wakajaliwa watoto wanne, na mama hupenda kusema kwamba aliolewa na ndoo.

Tarehe 17 Novemba 1991 maji ya tundu yalipungua ghafla, kila mtu akafurahi, baba akaandika kwamba mwamba umekauka na uchimbwe, kumbe tope lilikuwa limeziba tundu na maji yamejaa nyuma yake, na saa nne asubuhi ukuta ukapasuka, maji yakamchukua rafiki yake Mcheshi, ambaye mjane wake tunaye hapa. Wachunguzi walisema Mcheshi alichimba bila ruhusa. Ruhusa aliitoa baba, naye akanyamaza.

Tangu hapo hakutulia, alikula amesimama, mvua ikinyesha alizunguka nyumba, bomba likipunguza maji aliweka sikio ukutani, na kazini hakupima tundu lolote kabla ya kulizibua kwa chuma, hadi alipostaafu mwaka 2016, na hakupotea mtu mwingine.

Aprili mwaka huu aliugua mapafu, akalazwa wodi namba tatu miezi miwili, akafariki Jumanne hii alfajiri. Baba mkubwa alishauri habari za handaki ziachwe, ya kale hayanuki, lakini baba aliniambia, huku akihema, "Mwanangu, usiruke hata mstari. Mama yule asikie kwamba mumewe hakukosea."

Mama, mjane wa Mcheshi, mumeo hakukosea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wa handaki waliochimba kaburi, na wewe, mjane wa Mcheshi, uliyemletea baba chakula wodini miezi miwili bila kujua haya. Kama leo huwezi kutujibu, tutangoja.

Baba, nimesoma yote. Pumzika sasa, kwa amani.